Usibadilishe Difu Kabla Hujasikiliza

Gari bovu lina lugha yake, na sehemu kubwa ya lugha hiyo tunaielewa hata sisi tusio mafundi. Breki zilizoisha zinakwaruza. Mkanda wa feni uliolegea unalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Egizosi iliyotoboka inatangaza ujio wako kijiji kizima. Sauti hizo hazina mjadala: unasikia, unajua, unatafuta hela.

Kasheshe inaanza pale gari linapovuma tu. Halikwaruzi, haligongi, halipigi kelele. Linavuma, kama nyuki waliofungiwa ndani ya mtungi, na kila aliyepanda humo anasikia mvumo unatoka mahali pake. Hiyo ndiyo sauti iliyotaka kutugharimu nyumbani kwetu mwaka jana, na ndiyo iliyonifundisha jambo ambalo miaka miwili ya kozi za ualimu ilikuwa imenitajia bila kunionyesha.

Nisimulie kwa mpangilio. Mimi ni binti wa Ilula, kule Iringa kwenye nyanya. Nasoma ualimu, Fizikia na Hisabati. Nyumbani tuna pikapu moja ya dizeli, ya mwaka 1996, imenizidi umri na pengine imenizidi kazi. Inabeba matenga ya nyanya kutoka mashambani hadi barabarani, na msimu ukiwa mzuri inafika mpaka Iringa mjini. Hela ya matumizi ya nyumbani imetoka kwenye bodi ya ile pikapu. Hata mimi, kabla bumu halijasoma, nauli ya kwenda chuo ilitoka humo humo. Kwa hiyo pikapu ikikohoa, familia nzima inashika kifua.

Nilirudi likizo baada ya UE, nikiwa na wiki mbili kabla ya kwenda TP. Siku ya pili tu nikapanda na baba kwenda shamba. Tulipofika mwendo wa kilomita 40 kwa saa, nikasikia. Vuuuu. Tulipofika 60 ukawa mkubwa. Kwenye 80 ilibidi tupaze sauti ili tusikizane.

"Baba, hii nini?"

"Hiyo ina wiki tatu sasa," akasema. "Wenyewe wanasema ngoma ivumayo haidumu. Tumeshamwona fundi. Difu imekufa."

Tuelewane hapo. Difu ndiyo lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, linalopokea nguvu kutoka kwenye propela na kuzigawa kwa matairi mawili. Fundi wa gereji moja mjini alikuwa amemwambia baba kwamba difu ya mtumba ni shilingi 950,000, ufundi 80,000. Jumla zaidi ya milioni. Nyumbani palikuwa na 600,000, na hiyo hela ilikuwa na jina: ilikuwa ya mdogo wangu aliyechaguliwa kidato cha tano. Godoro, sare, ndoo, madaftari, nauli. Alikuwa ameandika orodha kwenye karatasi ya daftari na kuibandika ukutani, na kila kitu alichoahidiwa alikipigia tiki kwa penseli, si kwa kalamu. Penseli inafutika. Huyo mtoto anaijua nyumba yetu.

Mpango wa baba ulikuwa achukue ile laki sita, akope iliyobaki kwenye VICOBA, mdogo wangu achelewe kuripoti "kidogo tu" mpaka nyanya zitoke. Mama hakusema kitu. Mama akinyamaza hivyo ujue amekwisha piga hesabu na jibu halijampendeza.

Mimi nikauliza swali moja, kwa upole kabisa maana baba ni baba: "Fundi alijuaje kuwa ni difu?"

"Alisikiliza."

"Aliendesha?"

"Hapana. Aliwasha, akaingia chini, akatikisa propela, akatoka. Akasema hizi pikapu difu ndizo zinazokufa."

Hapo nikapata shida. Mvumo wenyewe hauanzi mpaka gari lifike kilomita 40 kwa saa. Gari likiwa limesimama hauvumi. Kwa hiyo huyo fundi alisikiliza nini? Simwiti tapeli. Inawezekana kabisa pikapu kumi zilizopita mikononi mwake zilikuwa na difu mbovu kweli, na ya kumi na moja ilipokuja akaiona kupitia zile kumi. Mtu mzoefu huwa hivyo. Uzoefu unampa jibu haraka, na wakati mwingine unampa kabla ya swali.

Nikamwomba baba kitu kimoja: kabla ya kukopa, twende kwa mtu wa pili. Akanitazama, akacheka. "Haya mwalimu." Tangu nimeanza chuo hilo ndilo jina langu nyumbani, na linatumika kwa heshima au kwa kejeli kutegemea siku.

Mtu wa pili ni mzee mmoja pale pale kwetu, anafanya kazi chini ya mparachichi. Hana bango, hana ofisi, ana jeki mbili, sanduku la spana na kijana mmoja anayejifunza kazi. Tukamkuta anakunywa chai.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba binti. Gari linasemaje?"

Angalieni alivyouliza. Hakuuliza gari lina nini. Aliuliza linasemaje. Baba akaanza kumweleza habari ya difu, mzee akainua mkono taratibu. "Mzee mwenzangu, jina la ugonjwa liache kwanza. Niambie mnasikia nini, linaanza mwendo gani, limeanza lini, likiwa na mzigo linabadilika au halibadiliki." Baba akajibu. Kisha mzee akauliza kila mmoja wetu mvumo unatoka wapi. Baba akasema nyuma katikati. Mimi nikasema chini ya miguu yangu. Utingo wetu, ambaye hukaa nyuma kwenye bodi, akasema kushoto. Mzee akatabasamu. Sauti ikishaingia kwenye chesisi, alituambia, inatembea kama maji kwenye bomba: unaisikia inapotokea, si inapoanzia. Kwa hiyo hakuna aliyedanganya, na hakuna wa kuaminiwa bado.

Akasema gharama ya kuendesha na kupima ni shilingi 10,000, gari lipone lisipone. Baba akasita. Elfu kumi ya kusikiliza tu? Lakini akakubali, na tukapanda.

Sasa nieleze vipimo vyenyewe, maana hapa ndipo penye somo, na kama kwenu kuna gari vinaweza kukusaidia.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha kuitenganisha injini na mwendo. Pale barabara ni tambarare na hapakuwa na gari nyuma wala mbele, mzee alifika 60, akatoa gia, akaacha gari litembee lenyewe. Injini ikashuka ikawa inanong'ona. Mvumo ukabaki vile vile. Akaturudishia gia, akasema: "Injini imetoka kwenye kesi." Na siyo injini peke yake. Altaneta, feni, pampu ya maji, vyote vinavyofuata mzunguko wa injini vimetoka pamoja nayo. Kilichobaki ni vile vinavyofuata mzunguko wa matairi. (Na akatuonya: kipimo hiki hakifanywi kwenye mteremko, hata siku moja. Anayeijua Kitonga anajua kwa nini.)

Kipimo cha pili kilikuwa cha difu. Ndani ya difu kuna meno yanayosukumana. Ukikanyaga mafuta, meno yanabanana upande mmoja. Ukiachia gari likawa linakuvuta lenyewe, yanabanana upande wa pili. Difu iliyochoka kwa kawaida hubadilisha sauti kati ya hali hizo mbili: inalia ukivuta na kupungua ukiachia, au kinyume chake. Mzee akakanyaga, akaachia. Akakanyaga, akaachia. Mvumo ukawa uleule, haukupanda wala kushuka. Hakusema difu ni nzima. Alisema, "Difu haijajitetea vibaya." Niliipenda hiyo.

Cha tatu kilikuwa matairi. Tairi lililolika vibaya, lenye mabonde na vilima kwenye meno yake, linavuma kwa namna inayofanana sana na huu mvumo, na hata mafundi hupotea hapo. Njia mbili za kulijua: kwanza, mvumo wa tairi hubadilika ukihama kutoka lami laini kwenda lami ya mawe mawe, kwa kuwa unatokana na tairi kugusana na barabara. Wetu haukubadilika. Pili, unahamisha matairi, ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, halafu unasikiliza kama mvumo umehama nayo. Tuliporudi kwenye mparachichi, kijana wake aliyahamisha, tukaenda tena kipande kifupi. Mvumo haukuhama. Matairi yakatoka kwenye kesi.

Cha nne ndicho kilichonifanya nikae wima kwenye kiti. Kwenye mwendo wa 50, barabara ikiwa wazi, mzee aliuvuta usukani taratibu kulia, halafu kushoto, kama mtu anayebembeleza mtoto. Ukikata kulia, uzito wa gari unaegemea kushoto. Ukikata kushoto, unaegemea kulia. Tulipokata kulia mvumo ukapanda. Tulipokata kushoto ukafifia, karibu upotee. Kulia, ukapanda. Kushoto, ukafifia. Mwanafunzi wa Fizikia nimekaa pale, nguvu na mwendo wa mduara nimezifanyia mtihani na nimefaulu, lakini ilikuwa mara ya kwanza nazisikia kwa masikio. Kitu kinacholalamika kiko kushoto, na kinalalamika kinapobebeshwa uzito. Utingo wetu kule nyuma akapiga bodi kwa furaha. Ndiye aliyesema kushoto.

Kushoto, lakini mbele au nyuma? Kipimo cha tano kilifanyika chini ya mti. Wakaweka mawe kwenye matairi mengine, wakapiga jeki mbele kushoto, wakaliweka gari juu ya stendi. Mzee akazungusha tairi kwa mkono huku kiganja chake kingine kikiwa kwenye springi. Laini. Wakaja nyuma kushoto, gia ikiwa huru. Akazungusha. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye ekseli karibu na tairi, mpini akauweka sikioni. Akatulia. Kisha akanigeukia.

"Binti, unasoma nini huko chuo?"

"Ualimu, fundi. Fizikia."

"Basi njoo usikie Fizikia."

Nikaweka sikio. Unakumbuka sauti ya mtu anayetafuna karanga chumba cha jirani? Ndiyo hiyo. Kitu kinasaga ndani ya chuma. Ilikuwa beringi ya nyuma kushoto.

Mwaka 1816, huko Paris, daktari aitwaye René Laennec alikunja karatasi ikawa bomba, akaweka upande mmoja kwenye kifua cha mgonjwa na mwingine sikioni, akashangaa kusikia moyo vizuri kuliko kuweka sikio moja kwa moja. Hapo ndipo ilipoanzia ile stetoskopu inayoning'inia shingoni mwa rafiki zetu wa udaktari. Bisibisi ya mzee wa Ilula ni ndugu yake wa karibu. Chuma kigumu kinaleta mtetemo sikioni bila kuutawanya njiani, na kelele nyingine zote za dunia zinabaki nje.

Kabla ya kufungua, mzee alifanya jambo moja la ziada: alimwaga oili kidogo ya difu kwenye bati na kuichungulia juani. Alikuwa anatafuta vipande vya chuma. Ilikuwa nyeusi, ila haikuwa na chembe za kutisha. Alikuwa na jibu tayari, akaamua kulijaribu tena kwa kutafuta ushahidi wa kulipinga. Kuna watu wana shahada mbili na hawafanyi hivyo.

Beringi ilipotolewa, hata mama, aliyekuja na uji, aliona. Ndani ya ringi, pale golori zinapotembea, chuma kilichotakiwa kung'aa kama kioo kilikuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Oili sili ilikuwa imechoka, na njia yetu ya shambani inakatiza kijito. Maji na tope vilikuwa vinaingia kidogo kidogo, msimu baada ya msimu.

Usiku huo nikapiga hesabu kwenye daftari, kwa kuwa nilitaka kujua kwa nini kivume na kisigonge. Tairi letu lina kipenyo cha karibu sentimita 70, kwa hiyo mzingo wake ni kama mita 2.2. Kwenye kilomita 60 kwa saa gari linakwenda karibu mita 16.7 kila sekunde. Tairi linazunguka kama mara 7.6 kwa sekunde. Sikio la binadamu linaanza kusikia kwenye mitetemo 20 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko wa tairi lenyewe hatuusikii kama sauti, tunauhisi kama mtikisiko. Lakini katika kila mzunguko, golori kadhaa zinapita juu ya kishimo kimoja. Tuseme nne. Hapo tayari ni mapigo 30 kwa sekunde, na vishimo havikuwa kimoja. Mapigo yakiwa mengi hivyo sikio haliyahesabu tena, linayaunganisha yanakuwa mvumo. Mwendo ukiongezeka mapigo yanaongezeka, sauti inapanda. Kumbe gari lilikuwa linagonga muda wote. Lilikuwa linagonga haraka kuliko tunavyoweza kusikia kugonga.

Gharama: beringi 65,000, oili sili 12,000, ufundi pamoja na kuipeleka mjini kwenye mashine ya presi 40,000, na ile elfu kumi ya kusikiliza. Jumla 127,000. Mdogo wangu akaripoti shule siku iliyopangwa. Zile tiki akazipitia upya kwa kalamu.

Na kulikuwa na gharama nyingine ambayo haikulipwa. Mzee alimwambia baba, pembeni lakini nilisikia, kwamba kwenye ekseli ya namna ile beringi ndiyo inayoishika shafti isichomoke. Ikisagika kabisa, tairi linaweza kutoka na shafti yake gari likiwa linatembea. Tungefunga difu ya mtumba ya milioni moja, mvumo ungebaki, baba angesema labda difu mpya nayo mbovu, na tungeendelea kupakia matenga.

Wiki moja baadaye nikaenda TP, kwenye shule moja ya kata. Nilipewa Fizikia kidato cha pili, wanafunzi 74, kipindi cha dakika 40. Siku ya kwanza tu ofisini nikapewa orodha ya wagonjwa na majina ya magonjwa yao. Huyu mzembe. Yule mtoro. Na kijana mmoja wa dawati la nyuma, aliyepata 11 kwa 100: "Huyo usijisumbue madam, hana kichwa cha sayansi. Mwakani ataacha Fizikia." Walimu wale si watu wabaya. Wengine wamefundisha miaka 15 na wamewaona wengi wenye 11. Lakini masikioni mwangu nilisikia: hizi pikapu difu ndizo zinazokufa.

Yule kijana alishaniambia anataka kwenda VETA kusomea umeme. Umeme bila Fizikia ni safari ya tabu. Kwa hiyo hilo jina la ugonjwa lilikuwa na bei, na bei yenyewe angelipa yeye.

Nikaamua kuvuruga kitu kimoja kwa wakati, kama mzee. Kwanza nikamhamisha dawati, akakaa mbele wiki nzima, ili nijue kama ni macho au ni wenzake wa nyuma. Alama hazikuhama. Haya, matairi yametoka kwenye kesi. Kisha jioni moja nikampa maswali matatu yenye Fizikia ile ile ya mwendokasi. La kwanza lilikuwa namba tupu: mita 100, sekunde 5, tafuta mwendokasi. Akaandika 20 bila kufikiri. La pili nikamsomea kwa Kiswahili, habari ndefu ya bodaboda anayetoka sokoni. Akajibu kabla sijamaliza. La tatu ni lile lile la bodaboda, kwa Kiingereza, kwenye karatasi. Akalitazama muda mrefu. Akaandika namba ya swali, akaweka nukta, akaacha.

Nikamuuliza, "Wapi pamekushinda?" Akaweka kidole kwenye neno "determine". Alidhani ni jina la kifaa.

Sote tunaijua hii hali. Tumesoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka saba, tukafika kidato cha kwanza, somo likabadilika na lugha ikabadilika siku moja. Ukimwona mtoto ameanguka baada ya vitu viwili kubadilika pamoja, huwezi kujua kipi kimemwangusha mpaka uvitenganishe. Yule kijana hakuwa na tatizo la Fizikia. Alikuwa na tatizo la Kiingereza lililokuwa linavuma ndani ya Fizikia, na kwa kuwa sauti inatembea, kila aliyesikiliza aliisikia inatokea kwenye Fizikia.

Sikumponya. Mtihani uko kwa Kiingereza na utabaki hivyo mimi nipende nisipende. Nilichofanya ni kumwandikia maneno 30 ya kuulizia maswali, yale yanayojirudia kila mtihani, tukayafanyia zoezi dakika 15 kila siku baada ya vipindi, yeye na wenzake sita waliojitokeza wenyewe waliposikia. Jaribio la mwisho kabla sijaondoka alipata 34. Si muujiza. Lakini 34 ni namba ya mtu ambaye bado yumo kwenye safari, na mwalimu wa somo alikubali asimwondoe kwenye Fizikia mpaka matokeo ya taifa yatoke.

Wenzangu wa ualimu mtaniambia: 74 darasani, dakika 40, nani ana muda wa kumpigia jeki kila mtoto? Ni kweli, na sina jibu zuri. Nina hesabu ndogo tu. Yale maswali matatu yalichukua dakika 12. Kumfundisha mtoto mwaka mzima kitu ambacho si tatizo lake kunachukua mwaka mzima. Baba alisita kutoa elfu kumi ya kusikiliza, na alikuwa tayari kukopa laki nne za kukamilisha spea isiyotakiwa. Shule zetu nazo ziko hivyo. Tuna fungu la kurudia mada, la vipindi vya ziada, la fimbo. Fungu la kusikiliza halipo kwenye ratiba.

Na hili si la walimu tu. Hapa chuoni kila baada ya matokeo nasikia watu wanajifungia difu mpya. Mtu amepata sapu ya takwimu, anasema "mimi hesabu sina," anaanza kutafuta namna ya kuhama kozi. Tulia kwanza. Ulipokea swali ukalielewa? Ukifanya swali lile lile bila saa ukutani unaliweza? Wiki ya mtihani ulikuwa umekula, au bumu lilikuwa limeisha na ulikuwa unaishi kwa chai na maandazi ya mkopo? Ukisoma na wenzako kwenye kimbweta unaelewa, ukiwa peke yako hujui? Hayo ni matatizo manne tofauti na yote yanatoa sauti moja: sapu. Badilisha kitu kimoja, sikiliza. Kisipohusika kitoe kwenye kesi, nenda kingine.

Wale tunaomaliza mwaka huu, mwakani wengi wetu tutakabidhiwa madarasa, na tutakabidhiwa pia majina ya magonjwa ya watoto tusiowajua bado. Pokea kwa heshima, maana aliyekupa amekaa pale kuliko wewe. Kisha tenga vipindi vyako viwili vya kwanza, uwaulize watoto lile swali la mzee wa mparachichi: linasemaje? Mada itachelewa siku mbili. Itafidiwa.